Mkate Usiokandwa

Chumbani kwangu, 9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mkaza Mjomba, na tanuri lenu linawaka. Mimi sijambo kiasi. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kukatia lenzi, na msimamizi amenipa kazi ya kuwafundisha wenzangu, ingawa mimi mwenyewe nimeielewa kwa kubahatisha. Bibi mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani bila kutuambia, na sasa kila mpangaji anatembea na alama ya kijani kwenye koti. Dirisha langu bado halifungi vizuri.

Nilipiga simu, hukupokea. Mkaza Mjomba ameniambia kwamba huwa unaiona ikilia na kuiacha hivyo hivyo. Basi nakuandikia, maana barua angalau utaifungua.

Unakumbuka nilivyokuwa naumwa tumbo tangu utotoni, mara mkasema ni minyoo, mara mkasema naikwepa shule. Huku limenizidi. Mwezi uliopita nilianguka kazini nikiwa na miwani ya mteja mkononi, wakanipeleka hospitali. Damu ilikuwa imepungua sana mwilini. Wakapima hiki na kile, mwisho wakaingiza kamera hadi kwenye utumbo. Daktari, mama mmoja mpole asiyezunguka maneno, akaniambia nina ugonjwa unaoitwa seliaki. Kwa maneno mepesi, mwili wangu hauivumilii ngano. Nikila ngano au shayiri, mwili unaushambulia utumbo wangu wenyewe, na utumbo unashindwa kufyonza chakula. Ndiyo maana nilikuwa nakula kama watoto wengine na bado nikabaki mwembamba vile nilivyokuwa. Wewe uliyenibandika jina la Kimbaumbau unalijua hilo kuliko wote. Hakuna dawa ya kunywa. Dawa ni kuacha ngano maisha yangu yote.

Najua ninamwandikia nani. Baada ya Mama kufariki nimelelewa kwenu, nikifanya hesabu za shule juu ya magunia ya unga. Nimekaa na habari hii kwa muda kwa sababu sikujua nimwambieje mwoka mikate kwamba mkate unaniumiza. Sasa nimekwambia, na roho imetulia kidogo.

Siku hizi napika kila kitu mwenyewe. Wali, viazi, maharage, mayai, samaki na matunda, vyote ruksa. Kumbe ngano imejificha kila mahali. Imo kwenye soseji, kwenye supu ya pakiti, hata kwenye mchuzi wa soya wa chupa. Nasimama dukani nikisoma maandishi madogo nyuma ya makopo mpaka wauzaji wananidhania mkaguzi wa serikali. Jumapili nilijaribu mkate wa unga wa mchele. Niliukanda kama ulivyonifundisha, nikaufunika, nikaungoja uumuke. Haukutikisika. Baada ya kuuoka nimeuweka chini ya mlango kuuzuia usijifunge, na unafanya kazi vizuri. Usicheke.

La mwisho ndilo kubwa. Daktari anasema ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya ukoo, na ndugu wa karibu wapimwe hata kama hawaumwi. Kwa upande wa Mama nimebaki na wewe tu. Tumbo lako vipi, Mjomba?

Mpwa wako.


Tanurini, 3 Machi

Mpwa wangu Kimbaumbau,

Marahaba. Sisi wazima. Mkaza Mjomba wako anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini ulimi hauna tatizo lolote. Kipara bado ndiye mkandaji wetu, na bado anaimba wimbo uleule asioujua maneno. Paka wa ghalani amezaa tena, safari hii ndani ya kikapu cha mikate ya hoteli. Paa la ghala linavuja upande wa mashariki na fundi ananizungusha kila siku kesho. Tanuri jipya la gesi limefika. Mke wangu amenipiga picha nikiwa nalo, nimeiweka humu ulione.

Simu siipendi. Kwenye simu watu huambiana bei ya unga na habari za misiba. Mengine yaandikwe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kwa miwani, halafu bila miwani, nikitumaini kwamba miwani ndiyo iliyokosea. Pole sana, mwanangu. Kuanguka kazini si jambo la mchezo, na nimeumia kwamba sikuwepo kukuinua. Lakini nikuulize: huyo daktari wako amewahi kuoka? Babu yako alioka. Mimi nimeoka tangu sijaota ndevu. Mtaa mzima huu unaamka kwa mkate wetu, na sijamwona hata mmoja aliyeuliwa nao. Labda unga wa huko ni wa zamani, umekaa ghalani mpaka ukaingia ukungu. Labda wewe mwenyewe huli. Nakujua, ukishika kazi unasahau sufuria jikoni mpaka majirani waje kugonga.

Hata hivyo sitaki mpwa wangu ashinde na njaa ugenini kama hana kwao. Huo mkate wako wa kuzuilia mlango tatizo lake ni mikono iliyoukanda. Nimechukua unga wa mchele, siagi, sukari na mayai, nikakuokea biskuti mimi mwenyewe, humu humu tanurini, kwenye trei zetu nzuri za siku zote. Ngano haimo hata chembe. Kula ushibe, damu irudi.

Nikomee hapa, fundi wa paa ameonekana kwenye kona na nikichelewa atatoroka.

Mjomba wako.


Chumbani kwangu, 28 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa Mkaza Mjomba na magoti yake. Biskuti zimefika, hata moja haikuvunjika. Asante sana. Nilipofungua ile karatasi harufu ya tanuri ilijaa chumba kizima, nikakaa nazo mapajani kwa muda mrefu. Nilitamani nyumbani.

Kazini mashine mpya imetuzoea. Mwenzangu tunayekaa naye meza moja anaoa, na sote tumealikwa. Nitakwenda na chakula changu kwenye kikopo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Picha nimeiona. Tanuri ni zuri. Lakini unajua kazi yangu ni ya macho, na nilimtazama zaidi aliyesimama kando yake. Kwenye kola ya shati lako ngumi ingepita. Ncha ya mkanda imezunguka mpaka mgongoni. Nikachukua kioo cha kukuzia tunachokagulia lenzi, nikakutazama usoni, na sikupenda nilichokiona. Mjomba, kimbaumbau sasa ni wewe. Nilikuuliza habari za tumbo lako, ukanijibu habari za paa la ghala.

Na nina swali jingine ambalo sijawahi kukuuliza. Mama aliumwa nini? Nilikuwa mdogo. Kwanza niliambiwa ni homa, baadaye nikasikia watu wakisema ni mawazo. Ninachokumbuka ni mikono yake, ilivyokuwa myembamba hadi bangili ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko. Wewe ulikuwa mtu mzima, na ulikuwepo.

Mpwa wako.


Tanurini, 30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani. Kazi zilikuwa nyingi. Paa limezibwa na limeanza kuvuja upande wa pili. Paka wadogo wote wamepata watu wa kuwachukua. Goti moja la Mkaza Mjomba limepoa, sasa linauma lile jingine.

Uliandika kwamba biskuti zimefika. Ukaandika kwamba hazikuvunjika. Ukaandika habari za harufu. Hukuandika kwamba zimeliwa. Mtu anayemsifia mwokaji harufu peke yake ana jambo analomficha, hilo nalijua tangu ujana wangu. Ziko wapi? Kama ulizitupa, sema. Kama ulimpa huyo bibi wa rangi ya kijani, sema pia, nijue nimemlisha nani.

Shati lile lilikuwa kubwa tangu siku liliponunuliwa.

Kuhusu mama yako, aliumwa akafa. Alikuwa dada yangu wa pekee. Usiniulize tena mambo hayo kwenye karatasi.

Mjomba wako.


Chumbani kwangu, 11 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umenishika. Biskuti alikula bibi mwenye nyumba, zote, na ameshaniuliza kama kuna nyingine zinakuja. Nilishindwa kukwambia kwa sababu nilijua ulivyozioka.

Sikusema tanuri lako ni chafu, wala sitasema. Hakuna tanuri safi kuliko lako. Lakini asubuhi jua likipita dirishani unaona mwenyewe unga unavyoelea hewani. Umo kwenye mipasuko ya meza, kwenye pembe za trei, kwenye kope za Kipara. Mimi chembe tu inanilaza kitandani siku kadhaa. Ungechekecha unga wa mchele kwa uangalifu wote wa dunia, na bado mkono wako ungepitia kwenye pipa la ngano na kunyunyiza kidogo mezani ili kinyunya kisigande. Mkono wako hufanya hivyo wenyewe, hata hauoni. Huku kwangu nimenunua sufuria mpya, chujio jipya na mwiko mpya. Ule mwiko wa mbao ulionipa nilipoondoka nimeutundika ukutani, kwa sababu una ufa na sijui ndani ya ufa mmebaki nini. Nisingeweza kuutupa.

Kwenye harusi ya mwenzangu nilikaa na kikopo changu cha wali na maharage. Kila mtu alikuja kuuliza. Mama mmoja aliniwekea kipande cha keki mbele yangu akasema, "Onja kidogo tu, mwanangu, kidogo hakiui." Nikacheka naye. Nikasema nimeshiba. Nilipofika nyumbani nilikaa ngazini nikalia, na nilishangaa nilivyoumia, kwa sababu hata njaa sikuwa nayo. Ni kule kukaa mezani na watu na kuwa huli nao.

Lakini nina habari njema pia. Mkate umenikubali. Unachanganya unga wa mchele na wa mtama. Unasaga mbegu za kitani, unazitia maji ya moto, zinakuwa na utelezi kama ute wa yai. Hamira, mafuta, chumvi. Halafu, Mjomba, shika moyo: hukandi. Kile kinachofanya kinyunya chako kivutike mikononi ndicho hicho kinachoniumiza mimi, na humu hakimo, kwa hiyo ukikanda unajichosha bure. Unakoroga kama uji mzito, unamimina kwenye chombo, unaungoja. Nimeharibu mingi. Wiki iliyopita mmoja uliumuka mpaka juu, nikaukata ungali moto, nikaula nimesimama hapo hapo jikoni. Niliona kama nimerudishiwa kitu changu.

Sasa nakuuliza waziwazi, na usiniletee paa. Unaharisha? Unachoka kabla ya saa sita mchana? Mkaza Mjomba hasemi kitu kwenye simu, na yeye akinyamaza najua umemnyamazisha. Kama unanikasirikia, nikasirikie huku umepimwa. Sina mjomba wa akiba.

Mpwa wako.


Tanurini, 20 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumbani salama. Mwiko uache hapo ukutani, umefanya vizuri.

Basi nitasema. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikuwa chooni, na nilipotoka nikaisoma, nikarudi chooni. Ndiyo maana niliijibu kwa hasira. Ni miaka sasa. Nilidhani ni uzee, halafu nikadhani ni maziwa, halafu nikaacha kudhani. Nikipanda ngazi za ghala na gunia, nakaa chini katikati na kujifanya nahesabu yaliyobaki.

Uliponiandikia habari za kola ya shati sikukujibu kweli, lakini niliacha mkate. Sikumwambia mtu. Mke wangu nilimwambia meno yananiuma. Sasa wewe unaujua utaratibu wetu: mkate wa kwanza ukitoka asubuhi, naumega mimi, natafuna, naitikia kwa kichwa, ndipo Kipara anafungua mlango wa duka. Nisipoitikia, hauzwi hata mmoja. Fikiria basi mwoka mikate aliyesusa mkate. Nilikuwa namega, natafuna, naitikia kwa kichwa, kisha nageukia ukutani na kutema kwenye leso. Leso zikawa nyingi. Kipara akamfuata Mkaza Mjomba kwa siri kumwuliza kama nina kifua kikuu.

Mwanzoni sikuona tofauti. Baadaye nikaanza kulala mpaka kunakucha. Mkanda ukarudi tundu moja, ukarudi jingine. Nikavimba kichwa, nikasema sasa naenda kupimwa, nimwonyeshe mpwa wangu kwamba mjomba wake si mwoga. Nikakuta daktari kijana, ana adabu. Akaniuliza kama nakula ngano. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeiacha siku nyingi. Akaweka kalamu chini. Kumbe kipimo kinatafuta ugomvi kati ya mwili na ngano. Ukiacha ngano ugomvi unatulia, na kipimo hakina cha kuona. Nikitaka jibu la kweli, nirudi kula mkate kila siku kwa wiki kadhaa, niumwe tena, ndipo nirudi kwake. Nimewahi kutia chumvi badala ya sukari kwenye keki ya harusi, lakini hili la kuanza kupona kabla ya kupimwa sijui nani mwingine angelifanya.

Nimekataa. Nilimwambia mwili umeshanijibu, karatasi ni ya nini.

Lakini wewe hukutosheka na paa, na hutatosheka na hilo. Nitaandika mara moja tu. Mama yako alikonda kama mimi. Alichoka kama mimi. Mwisho alikuwa hataki kitu chochote isipokuwa mkate mweupe uliolowekwa kwenye maziwa, na mimi nilimpelekea kila asubuhi, wa kwanza kutoka tanurini. Nilikuwa napita njia nzima nimeufunga ndani ya shati usipoe. Alipoumaliza nilifurahi, nikarudi kazini nikiwaambia watu kwamba leo dada amekula. Sasa yule daktari akiniambia ninao, basi huenda na yeye alikuwa nao, na mimi nitajua nilikuwa nampelekea nini. Sitaki kujua. Nitaendelea kujizuia kimya kimya, na wewe naomba uniache.

Mjomba wako.


Chumbani kwangu, 1 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za kazi wala za nyumba.

Barua yako nimeisomea ngazini kwa sababu sikuweza kungoja nifike chumbani. Nililia, nikacheka nilipofika kwenye leso, kisha nikalia tena.

Nilikuwepo asubuhi zile. Nilikuwa nakaa miguuni pa kitanda nikiwa na sare ya shule. Mama alikuwa akisikia kandambili zako uani anajiinua mwenyewe na kukaa. Daktari alipokuja hakujiinua. Majirani walipokuja alifumba macho. Kwako alijiinua kila siku, mpaka wiki ya mwisho. Alikuwa akila huku unamsimulia vituko vya wateja, na ndiyo sauti yake ya mwisho ninayoikumbuka, anakucheka. Hukujua, na waliosomea hawakujua. Nimemwuliza daktari wangu, ameniambia hakuna anayeweza kusema leo Mama alikufa kwa nini. Kwa hiyo jibu lako, liwe lolote, halitazigusa asubuhi zile. Mimi nilikuwepo, na mimi nakwambia zilikuwa nzuri.

Bila jibu utaurudia mkate. Nakujua. Itatokea keki ya mtu mkubwa, utasema nionje kidogo, kesho yake tena kidogo. Na mtu akishajulikana wanamwangalia damu na mifupa. Asipojulikana anajiendea tu. Nimeshamzika mmoja bila kujua alikuwa na nini. Sitaki nikuzike wewe hivyo.

Kula mkate wako, Mjomba. Ule, uumwe, ukapimwe. Mimi ndiye ninayekuomba.

Mpwa wako.


Nyumbani, 12 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba mwanangu. Mkaza Mjomba anakusalimu na anasema amekusamehe, ingawa hasemi kwa kosa gani. Kipara amenunua kofia. Paa nimeliezua lote na kuweka jipya, tusilitaje tena.

Nilikula. Nilimweleza mke wangu kila kitu kwanza, na alinuna siku nzima kwa ajili ya yale meno ya uongo, kisha akaanza kunihudumia. Wiki zile zote nilikula mkate wetu asubuhi na jioni, mbele ya watu, bila leso. Nikwambie kweli, ulikuwa mtamu. Kwa miaka mingi nilikuwa nauonja kama mtu anayekagua kazi, na sasa niliula kama mteja. Nilikula ule wa maziwa, nikala ule wa ganda gumu, nikala ncha zilizoungua ambazo huwa tunawatupia kuku. Tumbo nalo lilinilipa sawasawa. Kuna siku nilitambaa kutoka chooni mpaka kitandani. Mke wangu alikuwa akiweka sahani mbele yangu na kugeuza uso. Nilikuwa karibu kukata tamaa mara nyingi, nikawa naitoa barua yako mfukoni na kuisoma tangu pale pa kandambili.

Ninao. Daktari kijana alinitamkia polepole, kama mtu aliyetumwa kuleta taarifa ya kifo, mimi ndiye niliyemwambia aongeze mwendo. Walikuwa wameingiza kamera na kwangu pia. Damu ni kidogo, mifupa imeanza kupungua nguvu, vyote vina matibabu. Nikamwambia nina swali. Nikamsimulia habari za dada yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema inawezekana, na pia inawezekana ni kitu kingine kabisa, hakuna tena wa kupima. Nikamwuliza: na kama ni huu, na tungejua? Akasema utumbo wa mtu hupona akiacha ngano mapema. Hakunidanganya, na nilimshukuru kwa hilo.

Nje ya hospitali kuna benchi. Nilikaa hapo nikamlilia dada yangu mbele ya wauza matunda na watu wa teksi. Sikuwahi kumlilia. Siku aliyofariki nilirudi tanurini kuoka mikate ya wageni wa msiba, na nadhani sijatoka humo mpaka mwezi huu. Uliyoniandikia nimeyaamini. Nayaamini zaidi asubuhi, jioni kidogo, lakini nayaamini.

Tanuri siliuzi. Kipara ndiye anayemega mkate wa kwanza siku hizi, na anaitikia kwa kichwa kwa maringo utadhani aliuvumbua yeye. Mimi nakaa upande wa duka na barakoa usoni, napokea watu. Wengine wameshajua. Mama mmoja amesema mwokaji asiyekula mkate wake ana walakini, nikamwambia walakini ninao na daktari ameuthibitisha.

Chumba cha wageni tumekifanya jiko la pili. Kitu chochote kilichokanyaga tanurini hakiingii humo. Sufuria mpya, vyombo vipya, tanuri dogo la umeme kama sanduku la viatu. Navulia nguo za kazi uani, naoga mpaka masikioni, ndipo naingia. Mkaza Mjomba anauliza kama naenda kupika au kupasua mtu.

Mkate wako wa kwanza niliukanda. Najua uliniambia. Nilitia mikono tu kuona hali, nilipozinduka nilikuwa nimeupiga mezani muda mrefu. Ukatoka jiwe. Wa pili nikaukanda kidogo. Jiwe dogo. Wa tatu nilimpa mke wangu mwiko, mimi nikasimama mlangoni nimefunga mikono nyuma kama mshtakiwa, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Mikono hii imenilisha tangu utoto na humo haina la kufanya. Ni kumimina na kungoja. Nilikuwa sijawahi kungoja mkate bila kuugusa, na nilikosa raha kabisa.

Juzi uliumuka. Si kama mkate wetu, na ukija usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba unafanana. Una harufu ya nafaka, unamomonyoka pembeni, na rangi yake siipendi. Lakini tuliukata mimi na mke wangu tukiwa tumekaa, tukaula na mayai, nikaongeza kipande, na jioni nilikwenda kutembea.

Mkaza Mjomba ameniagiza nikualike kwa maneno laini. Maneno laini sina. Nilikuwa na dada mmoja, na kwa mapenzi yangu yote sikujua kumlisha. Nina mpwa mmoja, na wewe sasa najua kukulisha. Omba likizo Desemba. Uje na njaa.

Mjomba wako.